Traka (kifaa cha kufuatilia gari) usiyoiweka wewe: uitafute mwenyewe, umpe fundi au uanzie polisi?

Gari lilikuwa Toyota Noah la mkononi, nimelichukua kwa mtu Njiro, hapa Arusha. Miezi miwili ya kwanza halikunisumbua. Mwezi wa tatu nikasafiri siku 11, na niliporudi nikakuta betri imekufa fofofo, hata taa ya mlango haiwaki. Nikalaumu uzee wa betri, nikanunua nyingine, nikasahau.

Kilichonizindua ni redio. Jumapili moja natoka Sakina kwenda Tengeru, simu nimeiacha nyumbani inachaji, nimo peke yangu ndani ya gari, spika zikaanza ule mlio wa zamani: ti-ti-ti, ti-ti-ti, ti-ti-ti. Waliowahi kuweka Nokia ya tochi karibu na redio wanaujua, ulikuwa unatangulia kidogo kabla simu haijaita. Nikapunguza sauti. Baada ya dakika moja hivi ukarudi. Nikaegesha pembeni pale Ngulelo, nikabaki nimeshika usukani. Simu yangu iko Sakina, sasa hii inayoongea humu ndani ni ya nani?

Kisa changu kiliisha kwa amani, nitakifikia. Ila tangu nikisimulie nimeulizwa na watu wa kila aina: mama wa Kijenge aliyeachana na mumewe lakini mume anajua kila saluni anayokwenda, kijana anayelipa mkopo wa gari, dereva wa watalii anayehisi bosi anamhesabia hata dakika za chai. Wote wanaanza na swali moja, kifaa kiko wapi. Mimi naona linalotangulia ni cha nani, kwa sababu njia ya kukitafuta inategemea unayemwogopa. Njia inayonifaa mimi inaweza kumponza yule mama.

Unatafuta kitu gani hasa

Kuna GPS ya waya: kiboksi cheusi kinachokaribia ukubwa wa kiberiti, kimefichwa ndani ya deshibodi, kinakula umeme wa betri ya gari. Kinapokea mawimbi ya setilaiti kujua kilipo, kisha kinatuma mahali hapo kwa laini ya simu iliyo tumboni mwake, kwa meseji au kwa data. Hiki ndicho kinachopendwa na wakopeshaji na makampuni, na mara nyingi huandamana na relei, yaani swichi ya umeme, inayoweza kukata pampu ya mafuta kwa amri kutoka mbali.

Kuna ya sumaku. Hiyo ina betri yake, inabandikwa chini ya gari kwa sekunde chache ukiwa umeingia dukani, na nyingi hulala gari likisimama na kuamka likitikisika. Kuna ya kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya matundu 16 chini ya usukani ambako fundi huchomeka mashine ya kupimia gari. Halafu kuna vitufe vya Bluetooth kama AirTag ya Apple, iliyotoka 2021: kiduara chenye upana wa milimita 32, kinatumia betri ya CR2032, na betri hiyo hudumu kama mwaka mmoja.

Kitufe hicho hakina GPS wala laini. Kinachofanya ni kuazima simu za Apple zinazopita karibu nacho ili zipeleke habari kwa mwenye nacho. Kwa hiyo ukipaki Mnara wa Saa, watalii na iPhone zao wakipishana, unaonekana kila baada ya muda mfupi. Ukishika njia ya vumbi huko Longido ambako hakuna anayepita na simu hiyo, kinaweza kukaa kimya kutwa nzima. Aliyekuwekea kitufe anakuona mjini. Aliyekuwekea GPS ya laini anakuona popote penye mtandao, na hata pasipo na mtandao vifaa vingi huhifadhi safari na kuimwaga yote mtandao ukirudi.

Na kabla hujavua viti: nusu ya watu walionijia, tatizo halikuwa gari. Ilikuwa simu. Akaunti ya Google iliyofunguliwa siku moja kwenye simu ya mume "anisaidie kupakua programu", au kushiriki mahali kwenye Google Maps kulikowashwa bila ukomo. (WhatsApp ina huruma kidogo, mahali pa moja kwa moja hukoma baada ya saa 8.) Fungua Google Maps uone unashiriki na nani, angalia akaunti yako imefunguliwa kwenye simu ngapi, ndipo uje kwenye gari.

Vigezo nilivyotumia

Njia zote tano nimezipima kwa mambo yale yale. La kwanza, inakamata aina gani ya kifaa. La pili, pesa na muda. La tatu ni usiri: aliyekiweka atajua kwamba umeshtuka? La nne, ushahidi utabaki ukiwa mzima? La mwisho, inamfaa nani.

Usiri ndio watu wanausahau. GPS nyingi za waya zina kibetri kidogo cha akiba ndani. Ukikata waya hakizimi, kinatuma kwanza ujumbe kwamba umeme umekatwa, pamoja na mahali ulipokatwa. Kwa maneno mengine, kukinyofoa ni kumpigia simu mwenye nacho. Kama mwenye nacho ni kampuni ya mikopo, utapigiwa. Kama ni mtu aliyewahi kukupiga, anaweza kuja.

Kujitafutia mwenyewe

Unahitaji tochi nzuri, kioo kidogo, glovu, gunia la kulalia, na saa mbili za mchana. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tupu, hata kama ni dakika moja. Osha gari kwanza, hasa chini. Udongo wetu ukishakauka kwenye chesisi, kiboksi cha sumaku na bonge la tope havitofautiani.

Anza na soketi ya OBD, ni sekunde tano. Kisha pekua chini ya usukani, nyuma ya droo ya deshibodi, chini ya viti na mikeka, kwenye tairi la akiba, ndani ya madigadi na nyuma ya bampa. Bampa ni ya plastiki, haizuii mawimbi ya setilaiti kama bati linavyozuia, ndiyo maana inapendwa. Usitafute kitu cha ajabu, tafuta kitu kisichofanana na majirani zake. Nyaya za kiwandani zina vumbi la miaka na zimefungwa kwa mpangilio mmoja. Ukikuta tepu nyeusi inayong'aa katikati ya vumbi, au waya mwembamba uliopandishiwa juu ya mwingine, hapo pana mkono wa mtu.

Njia hii inakamata vizuri ya OBD na ya sumaku, na vitufe kama havikushonewa ndani ya kiti. Ya waya inaweza kukupita mbele ya pua, kwa sababu aliyeifunga alifungua deshibodi na wewe hutaifungua. Na usiifungue: soketi za rangi ya njano ni za mifuko ya hewa, hizo usiziguse kabisa.

Gharama yake ni jasho tu. Usiri wake ni wa hali ya juu mradi usipekue mbele ya nyumba anayopita unayemshuku. Nenda uoshee gari mbali. Ushahidi pia hubaki salama kwa sababu hujagusa kitu: piga picha kikiwa pale pale kilipo, piga nyingine inayoonyesha namba ya gari, andika tarehe na saa. Inamfaa mwenye shaka ambayo haijakomaa, asiye na haraka, na anayetaka mtu mwingine asijue.

Simu yako kama mtafutaji

Hapa nitapita haraka. iPhone hukuonya yenyewe ikigundua AirTag ya mtu mwingine inatembea na wewe. Simu za Android kuanzia toleo la 6 zilianza kupata maonyo kama hayo 2023, na Mei 2024 Apple na Google wakaunganisha utaratibu ili maonyo yafike kwenye simu za pande zote mbili, hata kwa vitufe vya makampuni mengine yanayofuata kanuni hiyo. Kwenye Android unaweza pia kuilazimisha itafute sasa hivi, ingia sehemu ya usalama na dharura kwenye mipangilio.

Ni bure, ni dakika chache, na hakuna anayejua kuwa umetafuta. Ushahidi wake ni mtamu: ukikipata kitufe, kigusishe upande mweupe nyuma ya simu yenye NFC (mawasiliano ya kugusisha), utafunguka ukurasa wenye namba ya utambulisho na tarakimu nne za mwisho za simu ya mwenye nacho. Piga picha ya kioo. Wengine hapo hapo wamezitambua tarakimu hizo.

Udhaifu wake mmoja ni mkubwa. Haioni GPS kabisa. Simu ikikwambia hakuna kitu, imesema hakuna kitufe, basi. Na ikikwambia kipo, uliza nyumbani kwanza, isije ikawa ni funguo za shemeji zilizodondoka chini ya kiti jana mkitoka kanisani. Inamfaa kila mtu kama hatua ya kwanza, na haimtoshi yeyote kama hatua pekee.

Kipima mawimbi

Hiki ni kidude cha mkononi chenye antena kinacholia kikinusa mawimbi ya simu. Bei zinatofautiana sana, na vile vya bei ya chee hulia kwa kila kitu: mnara, Wi-Fi ya jirani, simu ya bodaboda anayepita. Mjini, utadhani gari lako lina traka ishirini.

Ugumu ni kwamba traka haipigi kelele muda wote. Inatuma kwa kipande cha sekunde, inanyamaza dakika moja au kumi, na gari likisimama inaweza kulala kabisa. Ukipima gari lililopoa tangu jana, utapewa jibu safi la uongo. Ukiamua kukitumia, toka mjini, upande wa Kisongo kunapoanza kuwa peupe, acha simu zote nyumbani (na saa ya mkononi kama ni ya kisasa), endesha robo saa, simama bila kuzima injini, kisha zungusha kipima taratibu, sehemu moja hadi nyingine, bila pupa.

Ikitimia hivyo, inakamata ya waya, ya sumaku na ya OBD, yaani inaona upana zaidi ya macho. Usiri mzuri, ushahidi hauguswi. Ila inakupa eneo, haikupi kifaa. Itakwambia "huku kushoto kwenye deshibodi", mengine ni ya fundi. Inamfaa mwenye magari kadhaa ya biashara, ambaye atakitumia tena na tena. Kwa gari moja la familia, sijui kama ningetoa hiyo pesa, hasa kwa kuwa redio ilinifanyia kazi hiyo hiyo bure. Redio nayo ina mipaka yake, ule mlio ni wa vifaa vya 2G, mtandao wa simu za zamani. Cha 4G kinaweza kupita kimya.

Kuna watu watakushauri ununue kile cha kuvuruga mawimbi badala ya cha kupima. Achana nacho. Kuvuruga mawasiliano ya simu ni kosa kisheria, na kinakata mtandao wa kila aliye karibu, pamoja na wako siku utakapohitaji kupiga 112.

Fundi umeme wa magari

Kwa GPS ya waya, huyu ndiye mwenyewe. Fundi mzuri haanzi kwa kuvua plastiki, anaanza kwa kupima. Wangu alizima kila kitu, akachomoa waya hasi wa betri, akaweka mita katikati ya waya na betri, akaniambia, "Kaka, tusubiri nusu saa, gari lilale." Tukaenda kunywa chai. Gari likishalala, matumizi ya kawaida hayapaswi kuzidi miliampea 50 hivi. Likizidi, anachomoa fyuzi moja moja akitazama mita. Fyuzi ambayo ikitoka namba inashuka ndiyo yenye mgeni. (Usije ukajaribu kuwasha gari mita ikiwa hapo katikati, utaichoma.)

Langu lilikuwa linakula zaidi ya miliampea 90 likiwa limelala. Piga hesabu: miliampea 90 kwa saa 24 ni zaidi ya ampea-saa (Ah) 2 kwa siku. Kwa siku 11 ni karibu Ah 24, nusu ya betri ya N50 (ya Ah 50) iliyo mpya, na yangu haikuwa mpya. Betri niliyoizika nikilaumu uzee haikuwa na kesi.

Alipofuata waya akafika nyuma ya saa za deshibodi. Kilikuwa kimefungwa kwa zipu taiti juu ya bomba la hewa, uso umeangalia kioo cha mbele ili kione anga. Pembeni yake relei, na kutoka kwenye relei waya ulioshuka hadi kwenye njia ya pampu ya mafuta. Fundi akanyamaza kidogo, akanionyesha kwa bisibisi: "Hii gari, mwenye simu akitaka, unazimikia barabarani." Nikakumbuka teremko zote nilizoshuka na watoto nyuma.

Hapo ndipo udhaifu wa njia hii unapoanza. Mkono wa fundi una haraka. Akiona cha kukata anakata, na hapo umepoteza picha ya kilivyofungwa, ujumbe wa umeme kukatwa umeshakwenda, na kama waya wa pampu haujaunganishwa upya vizuri gari halitawaka, au litawaka leo likuzimikie kesho. Mwambie kabla hajashika chombo: usikate kitu, nionyeshe kwanza. Ukifika wakati wa kutoa, waya wa pampu urudishwe ulivyokuwa, uchomelewe kwa risasi, usisokotwe na kufungwa tepu.

Udhaifu wa pili ni mji wetu ulivyo mdogo. Wanaofunga na wanaofungua ni watu wale wale, na fundi wako anaweza kuwa rafiki wa yule aliyekiweka, au ndiye aliyelipwa kukifunga. Unayemshuku akiwa ni wa nyumbani, usiende kwa fundi wa nyumbani. Moshi ni kilomita 80 tu, na mtu wa Moshi vivyo hivyo anaweza kuja huku. Sababu ya safari usiseme, sema betri inakufa. Si uongo.

Gharama ni ya kati, siku nzima ihesabu imekwenda. Inamfaa aliyenunua gari la mkononi, anayekufiwa na betri bila sababu, na mwenye gari lililowahi kuwa la kampuni. Huku kwetu ni mengi sana, maana magari ya utalii yakistaafu hayaendi mbali.

Polisi

Usitegemee askari alale chini ya gari lako na tochi. Kwa kukitafuta kifaa, hii ndiyo njia dhaifu kuliko zote. Kwa kujua ni cha nani, hakuna inayoikaribia. Laini za hapa nchini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho, kwa raia ni namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), kwa hiyo ile iliyo ndani ya kiboksi ina jina. Wewe huwezi kuliona jina hilo. Polisi wakiwa na jalada wanaweza kuliomba kwa mtandao husika.

Gharama ni muda wa kusubiri kwenye benchi na nauli. Ushahidi uko imara kuliko kwingine, mradi ufike nao haujachezewa. Usichomoe laini ukaiweka kwenye simu yako "nione namba". Hapo umeichanganya laini ya mtu na simu yako, na siku ya maelezo utaeleza wewe. Ondoka na namba ya RB (ya taarifa uliyoandikisha), hata ukiambiwa jambo ni dogo. Kama hofu yako ni mwenza au aliyekuwa mwenza, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, usibanane na foleni ya kaunta.

Nyuma yako kuna sheria pia. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeunda Tume inayopokea malalamiko ya taarifa zako kukusanywa kinyume cha utaratibu. Hiyo ya Tume naiona inawafaa zaidi wanaogombana na kampuni. Ukiwa na hofu ya kipigo usiku wa leo, malalamiko ya barua hayatakufikia kwa wakati.

Kwa usiri inategemea. Mwenza mwenye ndugu kituoni anabadilisha hesabu yote, na hapo wilaya ya pili ni bora.

Ukishakiona: kukiacha, kukitoa au kukichukua

Kukiacha kwa siku chache si ujinga. Mwenye nacho hajui kuwa umejua, na wewe unapanga. Gari linakwenda kazini na sokoni kama kawaida, na safari usizotaka zijulikane unapanda daladala. Ubaya wake ni relei: kama fundi amekuta inakata pampu, usiendelee kupanda barabara kuu na gari hilo. Afadhali lipaki kwa sababu inayoeleweka, sema gia zinakataa.

Kukitoa kunakupa usingizi, na kunapeleka ujumbe. Kitoe siku ambayo hata mwenye nacho akikasirika hana pa kukukuta peke yako.

Kukichukua ndiko nilikofanya mimi. Kiboksi kilikuwa na karatasi ya kampuni iliyokifunga, nikapiga simu, wakanieleza mwenye gari wa kwanza alikifunga kuogopa wezi, akauza gari, akasahau kukihamisha. Nikapeleka kadi ya gari yenye jina langu, wakabadilisha akaunti na nywila. Yule mzee wa Njiro nilipomwambia alicheka mpaka akakohoa. Hata programu yenyewe alishaifuta kwenye simu. Relei nilisema itolewe, kiboksi kibaki. Sasa ninayeliona gari nikiwa Dar ni mimi.

Kwa hali yako

Umenunua gari la mkononi na hujui historia yake: fundi umeme, kipimo cha betri kabla ya chochote, kisha zungumza na aliyekuuzia kabla ya kukata waya. Uwezekano ni mkubwa kwamba ni usahaulifu.

Gari ni la mkopo: soma mkataba. Karibu kila mara traka imeandikwa humo na sahihi yako iko chini yake. Kuitoa ni kuvunja mkataba, na gari linaweza kukamatwa. Unachoweza kudai ni maandishi ya nani anaziona safari zako, relei inatumika lini, na kuondolewa kwa kifaa siku unapomaliza deni. Siku hiyo watu husherehekea kadi, wakasahau kiboksi.

Unamwogopa mtu unayeishi naye au uliyeachana naye: anza na simu zako, kisha polisi, kifaa baadaye. Usipekue gari nyumbani, usitoe kitu peke yako, na mtu mmoja unayemwamini ajue uko wapi kila siku. Hapa hata kutafuta kwenyewe kunaweza kusubiri.

Unaendesha gari la mwajiri: gari ni lake na ana haki ya kujua liko wapi. Muulize waziwazi, na uliza kama kifaa kinafuatilia pia siku zako za mapumziko unapokuwa nalo nyumbani. Ukiwa dereva wa basi la masafa marefu huna hata cha kuuliza. Kifaa cha mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kipo kisheria, na kukichezea ni kosa lenye adhabu yake.

Una shaka tu, hakuna betri inayokufa wala mtu unayemtaja: simu yako leo jioni, tochi na gunia Jumamosi. Zikitoka tupu, pumzika mwezi mmoja kabla hujatoa pesa.

Na kama ndiyo kwanza unataka kununua, mwombe mwenye gari uliendeshe nusu saa. Simu zenu wote wawili ziacheni kwake mezani. Washa redio, usiweke wimbo, pandisha sauti, endesha.